Nani anakula na mtoto saa saba mchana?

Sahani ilikuwa ya plastiki, rangi ya bluu, imechorwa samaki katikati. Mwanangu aliisukuma kwa kiganja mpaka ikatoka mkekani, akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye sinia tulilolizunguka wakubwa. Babu yake hakusema neno. Alisogeza goti, nafasi ikapatikana, mtoto akaketi.

Nikamrudisha kwenye sahani yake.

Akalia, na kilio chake hakikuwa cha njaa.

Mama mkwe wangu akaacha kula. "Mwanangu," akaniambia, taratibu kabisa, "huyu ni mtu wa nyumba hii. Kwa nini ale kando kama mtu aliyegombana na wenziwe?"

Mume wangu akainamia mchuzi. Mimi nilikuwa na sababu yangu, tena sababu nzuri, niliyopewa kliniki asubuhi ya siku ile ile. Ila mbele ya swali lile sikuwa na la kusema. Likalala nami, likaamka nami, likanifuata kazini wiki baada ya wiki.

## Mstari uliolala

Kliniki ilikwenda kama siku zote: benchi, foleni, ile suruali ya kitambaa, mizani ya kuning'iniza, kilio. Mwanangu ana mwaka na miezi minane. Nesi akaweka nukta kwenye kadi ya ukuaji, akaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita na ya mwezi wa nyuma yake, kisha akanigeuzia kadi nione mwenyewe. Tulikuwa bado kwenye eneo la kijani, la uzito mzuri. Lakini mstari uliokuwa ukipanda tangu azaliwe ulikuwa umelala.

Akaniuliza anakula nini, mara ngapi, na chombo gani.

"Anakula na sisi. Kwenye sinia."

"Mama, mkila pamoja hujui amekula kiasi gani. Mpe sahani yake."

Aliyewahi kukaa kwenye mabenchi yale amelisikia hili, na mimi nalitetea kwa moyo wangu wote, kwa sababu nimeona linatokana na nini. Sikukuu ya Idi walikuja binamu zake. Watoto wakazunguka sinia, wali katikati yao, changu wawili juu. Wangu alikuwa hajamaliza kutafuna tonge la kwanza, samaki wamebaki mifupa. Wali alipata, maana ulikuwa mbele yake. Kitoweo kilikwenda kwa wenye mikono mirefu. Mtu akitazama kwa mbali angesema watoto wote wamekula, wameshiba, Alhamdulillah.

Sahani ya mtoto inazuia hilo. Inamwekea haki yake mahali ambapo hakuna wa kumpokonya.

Najua pia kwamba mwaka wa pili mtoto hapandi kama wa kwanza. Aliyezaliwa na kilo 3 hufika karibu 9 anapotimiza mwaka, kisha mwaka mzima unaofuata huongeza kilo mbili na kidogo. Hamu ya chakula hupungua, miguu inamwasha, anataka kutembea, kufungua makabati, kufuata paka. Mama wengi huingiwa na hofu hapo bila sababu. Nilijaribu kujipoza kwa maneno hayo. Lakini kupanda polepole ni jambo moja, na kutopanda ni jingine, na ile kadi ilikuwa kwenye mkoba wangu kila siku.

## Upande wa Bibi

Bibi humwita mjukuu wake "mume wangu". Akitoka chumbani asubuhi huuliza, "Mume wangu kaamka?" na mtoto, ambaye maneno yake bado ni machache, hujibu "Mmm!" kwa sauti ya mwenye nyumba. Nasema hivi ili ieleweke kuwa mwanamke huyu hakuwa akibishana nami kwa ajili ya kushinda. Anampenda mtoto huyu kuliko anavyojipenda.

Na yeye pia alikuwa na ushahidi.

Kwenye sinia, mkubwa ndiye anayegawa kitoweo. Babu huchukua samaki, humfungua kwa vidole, halafu huipapasa ile minofu, kipande baada ya kipande, akitafuta miba. Akisharidhika huisukuma upande wa mtoto. Mtoto humtazama babu mdomoni. Babu akitafuna, naye anatafuna. Babu akichota mchicha wa nazi kwa tonge, naye anatia mkono kwenye mchicha. Mchicha huo huo nikimwekea kwenye sahani yake ya bluu, huutoa jani moja moja na kuuweka chini kama uchafu.

Tena pale anafundwa bila kuhubiriwa. Anajifunza kula upande wake, asivuke mbele ya mwenziwe, atumie mkono wa kulia, angoje mkubwa aanze. Mambo haya hakuna aliyemwambia. Nimemwona kwa macho yangu, siku moja, anapeleka mkono katikati, anasita, anamtazama babu, anaurudisha.

Kadi ya kliniki haina mahali pa kuandika hilo.

Basi nikawa nasimama katikati ya watu wawili ninaowaamini. Jioni moja nilimpa sahani, jioni nyingine nikamwacha aende kwenye sinia, na mtoto akachanganyikiwa kuliko mimi. Mume wangu akasema tuchague moja tulifuate. Nikamuuliza lipi. Akanyamaza.

## Watoto 15

Nikaanza kusoma usiku, nyumba ikishalala. Katika kusoma huko nikakutana na daktari wa watoto wa Marekani, Clara Davis, ambaye miaka ya 1920 na 1930 alifanya jaribio ambalo siku hizi halingeruhusiwa. Alichukua watoto 15 walioachishwa ziwa, wakalelewa kituoni, na kila mlo waliwekewa vibakuli vya vyakula tofauti kutoka kwenye orodha ya vyakula zaidi ya thelathini: maini, samaki, mayai, viazi, karoti, ndizi, maziwa, nafaka. Nesi alikaa kando na kijiko. Hakuruhusiwa kumsogezea mtoto chakula, kumbembeleza wala kumkataza. Mtoto akinyoosha mkono kwenye kibakuli, ndipo kijiko kichote.

Walichagua kwa namna ya kushangaza. Leo huyu mayai matupu, kesho yule ndizi juu ya ndizi. Ukiutazama mlo mmoja ungeogopa. Lakini kwa miezi na miaka walikua vizuri. Davis mwenyewe alieleza kwamba siri ilikuwa kwenye orodha: haikuwa na sukari wala vyakula vilivyokobolewa. Mtoto alichagua kiasi, mkubwa alikuwa ameshachagua vyakula.

Nilifurahi sana usiku ule. Nikaona hapa ndipo pa kutokea: nisihesabu vijiko, nihakikishe tu kilichoko mbele yake ni chakula cha maana, halafu nimwamini.

Asubuhi furaha ikapungua. Kilichokuwa kinanirudia akilini si wale watoto, ni yule nesi. Amekaa, kijiko mkononi, uso hausemi kitu. Hali naye. Mtoto ana mbele yake kila neema, na hana wa kumtazama mdomoni.

Nikatambua kwamba muda wote nilikuwa nauliza habari ya vyombo na vyakula. Habari ya watu sikuwa nimeiuliza.

## Mlo ambao hatukuwa tukiuona

Siku moja mtandao wa kazini ulikatika tangu asubuhi, na kabla ya adhuhuri tukaambiwa anayetaka aende nyumbani. Nikapanda bajaji mpaka Makorora, mtaa wetu hapa Tanga. Sikumpigia mtu simu.

Nyumba yetu ina watu saba. Mchana ule nilikuta hivi.

Bibi alikuwa chumbani kwake. Ana kisukari, hula mapema kidogo, chakula chake cha peke yake, kisha hupumzika. Babu alikuwa ametoka msikitini na kukaa barazani na wazee wenziwe. Chakula chake hupelekwa huko. Mtoto wa wifi yangu yuko shule. Mume wangu kazini. Na mwanangu alikuwa ukumbini kwenye kiti chake cha plastiki, simu imeegemezwa kwenye kikombe, katuni zinaimba, na kijiko cha uji kinamjia kutoka ubavuni. Hakukitazama kijiko. Hakumtazama anayekishika. Vilipoingia vijiko vichache akafunga mdomo, akageuza shingo.

Dada yetu wa kazi alikuwa amesimama. Alisimama kwa sababu pasi ilikuwa imewashwa na nguo zinangoja, na nguo zilikuwa zinangoja kwa sababu mimi ndiye niliyempangia kazi za siku. Uji ule, sahani ile, kula kando, yote alikuwa akiyafanya jinsi alivyoelekezwa. Ni msichana mkubwa, anatoka Lushoto, mtaratibu, na mwanangu anamlilia akienda likizo kuliko anavyonililia mimi nikienda kazini.

Sikuingia ukumbini. Nilibaki pale mlangoni.

Alipomaliza kupiga pasi akaenda jikoni, akapakua ugali wake na dagaa wa nazi, akakaa kwenye kibao cha mbuzi kula. Mtoto akashuka kitini. Akaacha katuni zinaimba peke yake. Akamfuata jikoni, akasimama mbele yake, akafungua mdomo.

Dada akampa. Kitonge kidogo, na dagaa mmoja juu yake. Akala. Akafungua tena mdomo. Akampa tena. Baada ya hapo mtoto akakaa chini sakafuni, akaanza kuchota mwenyewe kwenye sahani ya dada, na dada akawa anamvunjia ugali na kumsogezea.

Aliponiona akashtuka, akaivuta sahani. "Mama, samahani, mwenyewe ndiye aliyekuja."

Nikamwambia aiache sahani palepale. Nikakaa nao.

Tangu siku ile naona kwamba kwa wiki zote zile mimi na Bibi tulikuwa tunabishania mlo wa jioni kwa sababu ndio mlo tunaouona. Jioni wote tupo, taa zinawaka, kila mtu anajua mtoto amekula au hakula, ana sahani au hana. Lakini jioni mwanangu hula akiwa karibu kusinzia. Mlo mkubwa wa siku yake ni wa mchana, na mchana, katika nyumba ya watu saba, alikuwa akila peke yake.

Huenda mstari ule ulilala saa saba mchana.

## Chakula kipo

Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikutwa wamedumaa. Mkoa ulioongoza ulikuwa Iringa, zaidi ya nusu ya watoto. Iringa yenye mahindi, maharage, viazi na maziwa, mkoa unaolisha mikoa mingine. Njombe na Rukwa hazikuwa mbali nyuma yake.

Takwimu hizo nilizijua kabla. Nilizisoma kama habari ya mbali, habari ya vijijini kwenye baridi. Sasa nazisoma nikiwa nimekaa kwenye ile sakafu ya jikoni. Miongoni mwa sababu zinazotajwa huko ni kwamba mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto ameachiwa ndugu yake aliye mtoto vilevile, na kati ya uji wa asubuhi na ugali wa usiku siku nzima inapita. Chakula kipo ghalani. Wa kukaa na mtoto akale naye hayupo.

Shamba langu mimi ni ofisi yenye kiyoyozi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, na akirudi kazini, muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kila siku. Baba anapewa angalau siku 3. Saa zile mbili nilizitumia na ninazishukuru; zilimkuza. Lakini mtoto akishaanza kula chakula cha wakubwa hakuna tena anayehesabu mchana wake, si kazini wala nyumbani. Tunaona ameshavuka, ana meno, anatembea, dada yupo. Na dada huyo tumemwachia nyumba nzima: kufua, kudeki, kupika, sokoni, na katikati ya hayo "mlishe mtoto", kazi moja kati ya kazi, kama kufuta vumbi.

Hapa nataka kusema jambo bila kuzunguka. Nyumba nyingi tunazozijua, dada hula mwisho, jikoni, amesimama au amekaa kwenye kibao, chakula kilichobaki. Wengi wetu tumelikuta hivyo, hatukulianzisha. Lakini huyo anayekula mwisho jikoni ndiye tunayemtaka amfundishe mtoto wetu kula vizuri. Atamfundishaje jambo ambalo mwenyewe hakupewa nafasi ya kulifanya?

## Sinia dogo

Tulibadili mambo machache.

Uji umehamia saa nne asubuhi. Uji wenyewe tumeupunguzia viungo. Kulikuwa na unga wa lishe wa kila kitu ndani: mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga. Nilipotulia na kufikiri nikaona kwamba mahindi na mtama na ulezi na mchele na ngano vyote ni nafaka. Ukivichanganya umempa mtoto nafaka. Sasa ni ulezi, maziwa na karanga, uji mzito usiotiririka kijikoni. Karanga Bibi anazichambua mwenyewe kwa miwani, moja moja, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi anazitupa, na hapo siruhusu mtu amwambie anapoteza muda. Mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga, iliua watu Dodoma na Manyara, na ilitoka kwenye mahindi ya kawaida ya nyumbani. Kuipika hakuiondoi.

Mchana kuna sinia dogo. Dada anakaa chini, anakula, na mtoto anakula naye. Nguo zinangoja. Simu inabaki chumbani. Kabla mkono wowote haujaingia, dada hutenga minofu ya mtoto upande wake, miba imeshatolewa, ili tujue haki yake ilikuwa kiasi gani na imekwenda wapi. Hapo nesi amepata la kwake. Wakija binamu sahani ya bluu inatoka kabatini, inawekwa pembeni ya sinia, inagusana nalo, na Bibi hajasema kitu.

Gharama imepanda, na hili watu huwa hawalisemi. Samaki wa jioni tuliokuwa tukinunua soko la samaki la Deep Sea hawatoshi tena milo miwili ya watu wanaokula sawasawa. Tumeacha juisi za boksi na biskuti. Pesa hiyo inakwenda kwenye dagaa, mayai, na machungwa ya Muheza msimu ukifika. Bado haitoshi kila wiki. Wiki nyingine ni maharage.

Mwezi uliofuata mstari ulipanda. Kidogo. Nesi akasema tuendelee. Wakati huo huo chonge zilikuwa zimemaliza kutoka na homa yake imekwisha, kwa hiyo huenda ni meno, huenda ni dagaa, huenda ni yote. Mume wangu anataka niseme ni sinia. Sisemi.

Ninachokijua ni kwamba mtoto huyu sasa anamega ugali mwenyewe, anaubonyeza kwa kidole gumba kutengeneza shimo, anachota mchuzi, na nusu unaishia kwenye kifua chake. Alijifunza kwa dada.

## Mfungo

Juzi ndipo nikakumbuka kwamba Ramadhani iko njiani.

Mchana wa Ramadhani hakuna mtu mzima atakayetia mkono kwenye sinia katika nyumba hii. Dada anafunga. Babu anafunga. Mimi nitafunga nikiwa kazini. Mtoto atarudi kwenye kiti chake na kijiko kinachotoka ubavuni, mwezi mzima, na nilipolifikiria hilo nikaishiwa nguvu.

Nikalitoa jioni, baada ya kula, si kwa mtu yeyote hasa. Nikasema sijui mchana wa mfungo tutafanyaje.

Pakawa kimya. Halafu Bibi akazungumza akiwa anafunga kanga yake vizuri, bila kunitazama. Ni miaka sasa daktari amemkataza kufunga kwa sababu ya sukari na sindano zake, na sisi wote tunajua, na hakuna anayelitaja. Kila Ramadhani yeye hula chumbani mlango umefungwa, chakula kimefunikwa kitambaa, kama mtu anayefanya jambo la aibu. Anatoa kibaba chake kwa masikini na anasononeka mwezi mzima.

"Mimi si nakula mchana?" akasema. "Nitakula na mume wangu. Dada atuletee sinia chumbani, tutafunga mlango."

Kisha akamgeukia dada na kumwambia asisahau kumnunulia changu, si dagaa kila siku, maana mume wake huyo na yeye mwenyewe wote wameagizwa na madaktari kula vizuri.